Hedseti ya kufuta kelele: sauti safi, kisanduku kinachoudhi

Hedseti hii ya rubani naipa nyota nne kati ya tano, na nyota niliyoikata haihusu sauti hata kidogo. Nalisema mapema kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia juu yake, ukiyafuatilia, ni makosa ya ndege.

Ni ya plagi mbili, zile za kawaida za ndege ndogo: nene ya kusikilizia, milimita 6.3, na nyembamba kidogo ya maiki. Katikati ya waya kuna kisanduku chenye betri mbili za AA, swichi ya kufuta kelele, vidhibiti vya sauti vya kila sikio na kiswichi kidogo cha stirio (kila sikio na sauti yake) na mono (sauti moja kwa masikio yote mawili). Ukiwasha swichi ya kufuta kelele huku injini inanguruma, ule mvumo mzito wa propela unashuka papo hapo. Sauti nyembamba kama za upepo mlangoni hazifutwi na umeme, zinazuiwa na mito ya masikio tu. Kwa hiyo miwani yenye mikono minene inaachia kelele ipenye kwa pembeni, na hapo hata hedseti ya bei mbaya inakosa la kufanya. Betri zikiisha unabaki na kelele, lakini mazungumzo ya redio unaendelea kuyasikia. Hilo nimelipenda sana.

Siku ya kwanza sikio la kulia lilikuwa kimya. Ndege yenyewe ilikuwa na soketi za mono. Ukichomeka plagi ya stirio humo, pete yake (mkanda wa chuma wa katikati) inagusana na ardhi ya soketi, yaani njia ya umeme kurudi, na upande mmoja unakufa. Sogeza kiswichi kwenye mono, basi, yamekwisha.

La maiki ndilo lililonisumbua. Mnara wa kuongozea ndege ukawa unaniambia unapokea mawimbi yangu lakini hausikii neno. Kwenye intakomu, yaani mazungumzo ya ndani ya ndege, nako sauti ilikuwa inakatikakatika. Nikahamishia hedseti kiti cha kulia, nikasikika vizuri. Nikachomeka hedseti nyingine kiti cha kushoto, ugonjwa ukawa uleule. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na linamaliza nusu ya ubishi kati yako na fundi. Kisha nikaigusa plagi ya maiki kwa kidole na kuizungusha taratibu: krr, krr, sauti inakuja na kuondoka.

Plagi hiyo ina sehemu tatu. Ncha inabeba amri ya kitufe cha kuongelea, pete inabeba sauti, na shina ni ardhi. Ndiyo maana redio inaweza kurusha mawimbi vizuri kabisa huku maneno hayamo. Isitoshe, maiki za siku hizi zinapewa umeme na redio kupitia pete hiyohiyo, kwa hiyo ikishika uchafu maiki inakosa sauti na chakula kwa pamoja. Plagi niliifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi. Soketi nilimwachia fundi wa redio za ndege, naye akakuta nati imelegea na ile washa (kipete bapa) ya kuitenga kiumeme na bodi ya ndege imevunjika.

Washa hiyo ikaeleza na jambo la pili. Kulikuwa na mluzi mwembamba uliopanda kila nilipoiongezea injini mafuta. Mluzi unaofuata mzunguko wa injini hivyo, mtuhumiwa wa kwanza ni altaneta, mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini. Ndege ikiwa chini, zima altaneta kidogo: mluzi ukipotea, umempata. Mlio wa tik-tik usiojali altaneta mara nyingi hutoka kwenye waya za plagi za cheche za injini, na unaokwenda sambamba na taa za kumweka hauhitaji mpelelezi. Punguza pia sauti ya redio: kelele isipopungua nayo, haiingii kwa antena. Kwangu ilikuwa inaingia kwa njia ya ardhi, kupitia soketi ileile. Fundi alipoweka washa mpya, mluzi ukaisha.

Maiki yenyewe ni nzuri, mradi uiweke karibu kabisa na midomo, nafasi ya milimita chache tu, ule upande wenye alama ukiangalia kinywa. Ina matundu mbele na nyuma. Kelele inayoingia kote sawasawa inajifuta. Ukiiteremsha kidevuni, sauti yako nayo inahesabiwa kuwa kelele. Halafu watu wanasema maiki ni dhaifu!

Sasa ile nyota. Kisanduku ni kizito na kibanio chake ni legelege. Kinateleza kati ya viti, kinaning'inia, na uzito wote unaangukia pale waya unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Mpira wa pale umeshaanza kupasuka. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kuwa waya haumo kwenye dhamana. Kwa sasa nimeufunga kwa utepe na kisanduku nakiweka kwenye mfuko wa mlango.

Wa helikopta waangalie plagi kabla ya kulipa: nyingi zao zinatumia plagi moja ya aina ya U-174, inayobeba kusikiliza na maiki pamoja, na adapta haikuja ndani ya boksi hili.