Kulala kwenye hamoki: mkeka wa sponji au godoro la upepo?

Baridi ya hamoki (kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kati ya miti) inatokea chini jamani, slipingi begi, yaani mfuko wa kulalia, ukishailalia inagandamizwa na mgongo inabaki kama shuka tu, upepo unapita. Mimi nachukua mkeka wa sponji. Hautoboki, unafuata mkunjo wa mwili, ukigeuka usiku hauchomoki ovyo, ila mabega yanabaki nje na asubuhi mgongo umelowa jasho.

Godoro la upepo mara nyingi lina joto zaidi na likikunjwa ni dogo, lakini ukilijaza likakaza linateleza kama kambale, unashtuka usiku liko ubavuni na we uko kwenye kitambaa kitupu, so punguza upepo libaki laini. Kama hamoki yako ina kitambaa mara mbili lipitishe katikati, hapo kwa kweli godoro linashinda.