Miezi miwili ya kujifunza msewe Chake Chake

Mimi Mpemba niliyekulia Unguja, nimefika miaka 34 sijui msewe, ngoma ya kwetu Pemba, na shangazi zangu hawakuacha kunisuta kila harusi. Niliporudi Chake kikazi nikajiunga na kikundi kinachofundisha usiku, Jumanne na Alkhamisi baada ya Isha. Kila somo shilingi 3,000.

Kwa asiyeujua: wanaume tunafunga miguuni misewe, vifuko vya ukindu vyenye mbegu ndani, na ndiyo iliyoipa ngoma jina. Ngoma nyengine ukikosea unajichanganya na watu, yanapita. Hapa miguu yenyewe inakusema. Wenzako wote cha!, halafu unasikika wewe peke yako nyuma, cha.

Niliwahi kujaribu kwengine, mwalimu akisimamisha ngoma kila mtu akikosea. Ngoma ikinyamaza macho yote kwako. Ikianza tena mwili umeshakuwa gogo. Wiki ya pili sikurudi.

Mzee wa hapa hasimamishi kitu. Ukipotea atakwambia tu, "Tuliza miguu, mwanangu, mabega yabaki ngomani." Yaani usiifukuzie hatua iliyokwishapita. Misewe inyamaze, mwili uendelee kuyumba na ngoma kubwa, mzunguko ukirudi mwanzo unaingia. Mtazamaji atadhani umepumzika kwa makusudi. Tulikuwa na mwenzetu kila akikosea anaomba radhi. Mzee akamuuliza, "Unamuomba nani? Ngoma haijakusikia."

Somo la tatu akatuzidishia: tumeshakolea, anapaza sauti kutuhesabia hatua za uongo mpaka tuvurugike, kisha anakaa kimya kutazama nani anarudi na vipi. Siku ile nilimchukia. Sasa naona ndilo somo lililonifaa kuliko yote, maana hatua zenyewe hata mtoto angenionesha.

Kasoro zipo. Saa mbili yao ni saa tatu. Misewe michache, tunapokezana, na kamba zinachubua vifundo vya miguu. Wanawake wametengewa siku moja tu kwa wiki, dada yangu kachoka kulalamika, na mimi naona ana haki.

Mwezi uliopita nilicheza harusini Wete, nikapotea mara mbili. Ya kwanza hakujua mtu. Ya pili shangazi alijua, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaja kunitunza elfu moja.

Mkienda, vaeni soksi nene.