TAHADHARI: Muuzaji wa sarafu za majaribio zenye majeraha pacha

Ndugu zangu wakusanyaji, kuna mtu anazunguka mitandaoni akiuza sarafu za majaribio, zile zilizofuliwa kupima mchoro au madini mapya kisha zisiidhinishwe kutumika. Jina lake hubadilika kila baada ya muda, kwa hiyo kulitaja hapa hakutamsaidia mtu. Mtamjua kwa bidhaa zake na kwa maneno yake.

Ananadi vipande vinne: senti ya Marekani ya 1856 yenye tai anayeruka, dola 4 za dhahabu za 1879 ziitwazo Stella, senti ya alumini ya 1974, na sarafu za mfalme Edward VIII wa Uingereza za 1937. Kuviona vyote kwa mtu mmoja asiyejulikana na mnada wowote kunatosha kukushtua.

Hadithi yake ni kwamba babu yake alikuwa fundi katika kiwanda cha sarafu. Wengi wanaingia mkenge hapo, kwa sababu hadithi ina chembe ya ukweli. Katika karne ya 19 maofisa wa kiwanda cha Philadelphia kweli walifua vipande vya ziada kwa ajili ya wakusanyaji. Na zile senti za 1974, zilizofuliwa zaidi ya milioni 1.5 wakati bei ya shaba ilipopanda, baadhi walionyeshwa wabunge wa Marekani na si zote zilizorudi, nyingine zikayeyushwa. Anachokificha ni kwamba serikali ya Marekani inazihesabu senti hizo kuwa mali yake. Moja iliyofuliwa Denver ilijitokeza ikataka kuuzwa, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2016 ikarudishwa serikalini. Kwa hiyo hata kama yake ingekuwa halisi, mnunuzi angenunua kesi. Nayo si halisi: senti ya alumini haifiki gramu 1, ilhali yeye, alipobanwa ataje uzito, alitaja gramu 3.1, ambao ni uzito wa senti ya kawaida ya shaba. Amepaka rangi ya fedha tu.

Lakini ushahidi mzito uko kwenye Stella. Mwenzetu mmoja alishalipia moja. Baadaye mwingine akaletewa "ya mwisho iliyobaki", tukaziweka picha zao bega kwa bega. Kidonda kilekile chini ya kidevu cha sura iliyochorwa, mkwaruzo uleule ukikata ncha ya nyota upande wa pili, na kishimo kilekile ukingoni. Lielewe jambo hili vizuri, kwa maana litakuokoa hata kwa wauzaji wengine. Sarafu mbili za kweli zinaweza kufanana kasoro iliyotoka kwenye muhuri wa kufulia, yaani chuma kinachogonga mchoro kwenye sarafu, kama ufa au mkwaruzo wa muhuri, na kasoro hiyo kwenye sarafu huwa imeinuka. Jeraha ambalo sarafu imelipata baada ya kutoka kiwandani huwa limezama, na hakuna sarafu mbili zinazojeruhiwa pahali pamoja, kwa kina kimoja. Ukiona majeraha yaliyozama yanajirudia, vipande vyote vimenakiliwa kutoka sarafu mama moja.

Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala za sarafu ziandikwe COPY. Kwenye kipande cha mwenzetu kuna sehemu iliyosuguliwa ikawa laini kuliko uso wote. Mimi siamini kuwa ni bahati mbaya.

Alipoambiwa apime kwa maji, akageuza maneno: eti Stella nyingine zilifuliwa kwa shaba. Ni kweli zipo, na za alumini pia zipo, lakini yeye alitoza bei ya dhahabu! Kipimo chenyewe ni rahisi. Pima sarafu hewani, ipime tena ikiwa imening'inizwa majini bila kugusa chombo, kisha gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Dhahabu ya sarafu hutoa takriban 17, shaba takriban 9. Ya mwenzetu ilitoa 9.

Kuhusu Edward VIII, mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu za Uingereza zenye sura yake hazijatolewa, na sampuli halisi ni chache mno. Vipande vya kubuni vilivyotengenezwa miaka mingi baadaye kama kumbukumbu ni vingi na havina thamani kubwa. Hivyo vya kubuni ndivyo anavyoviuza.

Msiridhike na kasha la plastiki lenye namba ya PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye kasha. Makasha yanaghushiwa, na namba anayoiandika inaweza kuwa ya kweli, ya sarafu ya mtu mwingine. Itafuteni namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, mlinganishe picha alama kwa alama. Akikataa sarafu ipelekwe kwa wakaguzi kabla ya malipo, au akishikilia alipwe kwa njia isiyorudisha pesa, achaneni naye hapo hapo.

Kama umeshalipa, iarifu benki yako leo, usifute ujumbe hata mmoja, na usimrudishie kipande kabla ya kukipiga picha pande zote mbili na ukingoni. Wenye picha za Stella zake wanitumie. Tayari tunazo mbili zenye kidonda kile chini ya kidevu, na tukipata ya tatu malalamiko yetu polisi yatakuwa na uzito zaidi.