Green Grocer bila boksi: wapi pa kununua vipande ukiwa Lubumbashi

Green Grocer, seti ya LEGO namba 10185, ilitoka mwaka 2008 ikiwa na vipande 2,352, na Marekani iliuzwa dola 149.99. Ilishaacha kutengenezwa zamani, na boksi ambalo halijafunguliwa sasa linauzwa kwa bei iliyozidi hiyo mara kadhaa. Kitabu cha kujengea si tatizo, LEGO wenyewe wanakitoa bure kwa PDF. Tatizo ni vipande, na wengi wanakosea kwa kuanza na vile rahisi. Anza na vigumu. Ughali wa seti hii umekaa kwenye matofali ya ukuta ya rangi ya kijani cha mchanga (Sand Green). Usilipe hata dola moja kwa vingine kabla hujajua hayo utayatoa wapi.

Fungua seti 10185-1 kwenye BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, uhamishe orodha yote kwenye Wanted List yako, yaani orodha ya unavyotafuta. Panga kwa bei ukizidisha na idadi, si kwa bei ya kipande kimoja. Tazama bei zilizolipwa kweli katika miezi 6 iliyopita. Zinazoombwa leo mara nyingi ni ndoto za muuzaji. Ukichanganya tovuti, angalia namba za rangi: kijani cha mchanga ni 48 kwenye BrickLink, 378 kwenye Rebrickable (tovuti ya orodha za vipande), na 151 kwa LEGO wenyewe. Kunakili namba bila kubadilisha ndiko kunakoleta mfuko mzima wa rangi usiyoitaka.

Kisha punguza orodha. Tofali la 1x8 (namba 3008) likiwa ghali, mawili ya 1x4 (3010) yanajaza nafasi ileile, mradi viungo visipangane wima na vya mstari wa chini, maana ukuta utaachana. Kipande kinachofunikwa ndani kinaweza kuwa cha rangi yoyote. Herufi a au b mwishoni mwa namba huonyesha toleo la kalibu. Kama kinakaa sawasawa mahali pake, chukua la bei nafuu.

Sasa njia zenyewe, kuanzia tunayoipendekeza.

Ya kwanza ni maduka ya BrickLink ya Ulaya, vifurushi vikusanywe Bruxelles kwa ndugu au rafiki. Maduka ni mengi Ujerumani na Uholanzi, na kutuma hadi Ubelgiji hakupiti duane. Usiache programu ikuchagulie wauzaji kwa mkupuo: inaweza kukutawanyia oda kwenye maduka mengi, na kila duka lina kiwango chake cha chini na gharama yake ya kutuma. Chagua kwanza maduka mawili au matatu yenye kijani cha mchanga cha kutosha, halafu ujazie humo humo vipande vya kawaida hata kama vimezidi senti chache. Kijani chote cha ukuta mmoja kitoke duka moja ikiwezekana, kwani rangi hii hupishana kidogo kutoka bachi moja hadi nyingine na jua la dirishani huonyesha. Vya kawaida vinavyotengenezwa hadi leo, kama 3023 na 3024, vinapatikana pia kwenye Pick a Brick, duka la LEGO la kipande kimoja kimoja, kwa anwani hiyo hiyo ya Ubelgiji.

Mzigo wote ni kama kilo 3 na nusu, maana kilo moja ya mchanganyiko ina vipande 600 hadi 700 hivi. Unaingia kwenye sanduku la msafiri bila shida. Wa Bruxelles apime kila mfuko kwa mizani ya jikoni kabla ya kuchanganya: tofali la 2x4 lina gramu 2.3 hivi, kwa hiyo 100 ni gramu 230. Mfuko ukipungua, malalamiko yaanzie huko huko. Vikishafika uwanja wa ndege wa Luano umechelewa.

Bamba la chini la 32x32 (3811) lishughulikie peke yake. Lina sentimita 25.6 kila upande na halifiki robo kilo, lakini kampuni za vifurushi vya ndege hupima ujazo: boksi la 30 x 30 x 10 ukigawanya kwa 5,000 unalipia kilo 1.8. Lilale chini ya nguo kwenye sanduku.

Ya pili, wauzaji wa Afrika Kusini, mzigo upande na lori hadi mpakani Kasumbalesa. Chaguo ni dogo na kijani cha mchanga ni bahati, lakini kwa nyeupe, nyeusi na kijivu inafaa. Ankara iseme wazi kuwa ni matofali ya plastiki ya kuchezea, kifungu cha forodha 9503, na bei ya kweli. Hesabu ushuru pamoja na TVA ya 16%, na umuulize wakala bei kabla mzigo haujaondoka Johannesburg.

Ya tatu, GoBricks, matofali ya Kichina yanayoshikana na ya LEGO, kwa grupaji ya China. Vinashika vizuri na bei ni ndogo, ila rangi hazilingani sawasawa na za LEGO. Weka ndani ya kuta na chini ya sakafu, usichanganye usoni.

Ya nne, matofali ya kilo yaliyotumika. Hapo jihadhari na kijivu: LEGO walibadilisha kijivu zao na kahawia karibu mwaka 2004, na za zamani zikikaa pembeni ya mpya zinaonekana kama uchafu. Nyeupe huwa imegeuka njano. Kahawia na nyekundu iliyokolea za miaka hiyo ya Green Grocer hupasuka unapozibandua, kwa hiyo hizo nunua mpya.

Boksi zima lililofungwa tumeliweka mwisho. Linunue kama unataka kuliweka kabatini likiwa limefungwa vilevile.