Stesheni ya Nairobi: nililipia historia, nikauziwa simba

Nyota moja. Na hata hiyo moja sikuitoa kwa kampuni ya matembezi iliyotuongoza, niliitoa kwa mzee mmoja aliyekuwa kwenye kundi letu, ambaye alilipiwa nafasi kama sisi sote kisha akafokewa mbele ya mjukuu wake. Kampuni yenyewe sitaitaja. Sina nguvu za kesi, na kwa vile wanavyojitangaza kila kona, mwenye macho atawajua tu.

Niseme kwanza kwamba stesheni haina kosa. Mimi ni abiria wa pale. Asubuhi nateremka na umati wa Syokimau, tunamwagika kuelekea Moi Avenue kila mtu na haraka zake, jioni tunarudi tumechoka. Tangu serikali ilipokarabati stesheni za treni za mjini mwaka 2020 na kuleta zile treni za dizeli zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca huko Uhispania, mahali pale pamepata uso. Pamefagiliwa, pana mwanga, mtu unasimama kwenye jukwaa bila kushika mkoba kwa mikono miwili. Ndiyo maana nilipoona tangazo la matembezi ya Jumamosi, "historia kamili ya stesheni na makumbusho ya reli", nikasema hii ni yangu. Napita hapo siku zote, acha nijue napita wapi. Shilingi 2,500 kwa kichwa, zinatumwa kwa simu kabla ya siku yenyewe, hazirudishwi. Hilo la kutorudishwa mlikumbuke.

Kuchelewa kwao nakuruka. Maji ya chupa tuliyoahidiwa na hayakuja nayo nayaruka. Tatizo ni mwongozaji.

Kijana nadhifu, kofia ya mwindaji, kipaza sauti kidogo kimening'inia shingoni. Sauti nzuri, hilo simnyimi. Akatupanga mbele ya stesheni akaanza: reli ilifika Nairobi mwaka 1901, ikakuta mji unachangamka, ndipo Waingereza wakaamua stesheni ikae katikati ya mji.

Mzee mmoja aliyesimama nyuma, koti la kijivu na viatu vilivyong'arishwa mpaka vinaakisi, akainua mkono kwa adabu kabisa. "Samahani, kijana wangu. Ilifika 1899, mwezi wa tano. 1901 ni Kisumu. Na mji haukuwapo, palikuwa na tope."

"Mzee, maswali ni mwishoni."

Halikuwa swali! Na sitaki mtu aniambie ni jambo dogo, kwa sababu mwaka ukikosewa hivyo hadithi nzima inasimama kwa kichwa. Reli ilianza kutandikwa Mombasa 1896. Ilipofika hapa Mei 1899, mainjinia walikuwa wanatafuta uwanja tambarare wa mwisho kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa, mahali pa kuweka stoo, karakana na vichwa vya treni. Wakapata hiki kinamasi. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na serikali ya kikoloni ikafuata nyuma 1905. Yaani hakuna aliyeleta stesheni mjini. Mji ndio ulikuja kuota kando ya stesheni, na sisi sote tunaobanana pale saa kumi na mbili jioni ni matokeo ya mainjinia kuogopa mlima. Ukimlipa mtu 2,500 akueleze historia ya mahali, akakosa jambo hilo moja, amebakiwa na nini cha kukueleza?

Alibakiwa na simba, kumbe. Tukapelekwa makumbusho, ambayo yako hatua chache tu kutoka stesheni (yalifunguliwa 1971, na ni mazuri, nendeni), moja kwa moja mpaka kwenye behewa la afisa wa polisi Charles Ryall. Na hapo kijana akawaka. Akanguruma kwenye kipaza sauti. Akasema Ryall aliliwa Tsavo na wale simba wawili mashuhuri waliokula watu 135, na kwamba simba wenyewe wamezikwa hapo hapo Tsavo.

Mimi si mtu wa historia, lakini hata mimi nilishtuka. Nikamwona yule mzee anahangaika, anautazama mkono wake kama anauzuia usipande. Ukapanda.

"Kijana wangu, Ryall alikufa Kima, mwaka 1900. Simba wa Tsavo walikuwa wamekwisha kupigwa risasi mwaka 1898. Aliyemuua Ryall si mmoja wao."

Na alikuwa sahihi, kila neno. Kima iko upande huu, karibu zaidi na Nairobi kuliko Tsavo. Ryall alikuwa amekuja na wenzake wawili wa Ulaya kumvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni ile, wakaliegesha behewa kwenye reli ya pembeni, usiku Ryall akashika zamu na usingizi ukamshika yeye. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma. Behewa lilikuwa limeinama kidogo, uzito wa mnyama ukaliinamisha zaidi, mlango ukateleza ukajifunga, watu watatu na simba ndani ya chumba ambacho hakitoshi kitanda cha maana. Alitoka na Ryall kupitia dirishani. Nimesimama mbele ya dirisha hilo, nikalipima kwa macho, mwili ukanisisimka. Kisa cha kweli kinatisha kuliko alichokitunga yule kijana, sasa kutunga ni kwa nini? Na wale wa Tsavo hawakuzikwa popote. Patterson, mhandisi aliyewaua, aliwauza ngozi na mafuvu, wako kwenye makumbusho Chicago mpaka leo. Idadi ya 135 ni ya Patterson mwenyewe. Watafiti waliokuja kupima manyoya na mifupa yao walipata makadirio ya kama 35. Watu 35 hawatoshi kukutisha, ndugu?

Jibu la mwongozaji, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: "Mzee, kama unajua kila kitu, ulikuja kutafuta nini hapa? Waache wenzako wafurahie." Kwenye kipaza sauti. Wengine wakacheka. Mjukuu wa mzee, msichana wa kama chuo kikuu, ndiye aliyekuwa amemnunulia babu yake nafasi ile. Niliuona uso wake ukibadilika, akashika kiwiko cha koti la kijivu, akawa anatazama sakafu. Mzee akasema tu, "Haya, endelea baba."

Haya, endelea baba! Mimi ningekuwa nimekwishatoa kofia ile kichwani mwake.

Akaendelea. Wajenzi wa reli aliwamaliza kwa sentensi moja: Wahindi walijenga, wakabaki, wakafungua maduka. Basi. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mikataba kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 wakafa kwa malaria, kuhara, ajali na kazi yenyewe, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waafrika waliochimba, waliobeba, waliokuja kuendesha reli hiyo kwa miaka na miaka wakilala kwenye nyumba za reli kule Muthurwa na Makongeni, hao hakuwataja kabisa. Simba wawili walipata nusu saa.

Kundi lilipohamia chumba cha picha, mzee hakufuata. Alitoka nje akaenda kusimama kando ya lile garimoshi kubwa la mvuke, Mount Gelai, na mimi nikatoka nyuma yake. Nilikuwa nimeshalipia matembezi, nikaamua kutembea na ninayemtaka.

Kumbe alikuwa gadi wa treni. Aliingia kazini wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akavuka nalo lilipovunjika 1977, akastaafia Kenya Railways. Nilimwuliza kuhusu Mount Gelai akacheka, akasema aliyakuta magarimoshi hayo yakiwa uzeeni. Yalikuwa 34, yalitoka kiwandani Manchester miaka ya 1950, kila moja limepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wake ni tani 250 na ushei, juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Aliniwekea viganja viwili hewani kunionyesha mita hiyo. "Ukitazama hivi, unaona kweli mnyama huyu atakaa hapa?"

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelifikiria kila jioni tangu siku hiyo nikiwa kwenye treni. Reli ikiwa moja na treni zinakwenda pande zote mbili, nini kinazuia zisikutane uso kwa uso? Akasema, kipande. Kila sehemu kati ya stesheni na stesheni ina kipande chake cha ruhusa, na dereva asiyekuwa nacho mkononi haondoki, hata kama Rais yumo ndani. Stesheni masta anampigia mwenzake wa mbele, wanakubaliana, ndipo kipande kinatoka. Treni isiyosimama ilikipokea mbiombio: kinatiwa kwenye pete kubwa, mtu anaishika juu kando ya njia, na fayamani, yule mchochea moto wa injini, anapitisha mkono ndani ya pete huku treni inakwenda. Mzee alinionyesha mkono ulivyokaa, umekunjwa kwenye kiwiko, bega limelegea. "Ukikaza, unavunjika," akasema. Akavuta mkono wa koti kunionyesha jinsi pete ilivyokuwa inapiga pale juu ya kiwiko.

Treni ya usiku ya Mombasa alifanya kazi miaka mingi. Watalii wanaikumbuka kwa mhudumu aliyepita ushorobani akigonga marimba ndogo kuita watu kwenye chakula, meza za nguo nyeupe, visu vya fedha. Yeye anaikumbuka kwa daraja la tatu, watu wamekaa wima mpaka asubuhi, kuku ndani ya kikapu, mtoto amelazwa juu ya magunia. Zamani za wakoloni, akasema, hukuhitaji kusoma kibao kujua daraja lako. Ngozi yako ilitosha. Treni hiyo ilikoma 2017 reli ya kisasa ilipofunguliwa na stesheni yake kupelekwa Syokimau. Nilimwuliza kama ilimwuma. Akasema kilichomwuma ni 1977, alipoamka kazini siku moja na wenzake wa Tabora na Kampala wakawa wageni. Hakuongeza. Mjukuu wake akasema, "Babu, hii hujawahi kuniambia."

Sasa hapo ndipo hasira yangu inapochanganyikiwa. Bila yale matembezi nisingekutana naye. Kwa saa ile moja kando ya Mount Gelai, 2,500 ni bure. Nilifika nyumbani nikiwa tayari kuandika nyota tatu: mwongozaji mbovu, mahali pazuri, bahati njema. Nikajiambia labda kijana naye kakaririshwa karatasi na waajiri wake, labda analipwa kwa tabasamu za watalii, na simba ndiyo inayouza. Hata nikamwonea huruma kidogo.

Nikaandikia kampuni ujumbe wa heshima, nikawaeleza makosa na nikawaomba wamtafute mzee wamwombe radhi. Namba ya mjukuu wanayo, ndiyo iliyotuma pesa.

Wakakaa siku kadhaa. Halafu wakajibu. Walisema wanasikitika kwamba "matarajio yangu hayakufikiwa", kwamba waongozaji wao wamefunzwa "kuchangamsha kundi", na kwamba wageni wanaokatiza maelezo huharibu uzoefu wa wengine. Wakanipa punguzo la asilimia kumi kwenye matembezi yajayo. Kuhusu mzee, hata neno.

Wageni wanaokatiza! Mtu amefanya kazi kwenye reli hiyo maisha yake yote, anasahihisha mwaka na mahali mtu alipofia, mnamwita mharibifu? Nyota tatu zikayeyuka hapo hapo. Nilitaka kuweka sifuri, mfumo ukakataa, ndiyo mnaiona hiyo moja.

Ukitaka kuona stesheni, panda treni ya mjini kutoka popote inapokupitia, iwe Ruiru, Kikuyu, Embakasi au Syokimau, ushuke mwisho, uvuke mpaka makumbusho ulipe kiingilio chako mwenyewe. Behewa la Ryall lipo, Mount Gelai ipo, na unaruhusiwa kukaa mbele yake mpaka uchoke. Nenda na mtu aliyewahi kufanya kazi ya reli kama unaye kwenu. Wengi wetu tunaye, baba au mjomba wa Makongeni, na hatujamwuliza.

Na ninyi wa kampuni, najua mnasoma maana mlishajibu wenzangu hapa chini kwa kunakili maneno yale yale. Asilimia kumi sitaki. Nataka 2,500 yangu, na 5,000 ya mzee na mjukuu wake, na simu ya radhi ipigwe na yule yule mwenye kofia, kwa sauti ile ile aliyotumia kwenye kipaza sauti. Namba zetu mnazo.