Bili ya sugamadeksi katika upasuaji wa mama: uzoefu wangu Kisumu

Mama alitolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo katika hospitali moja ya binafsi mjini Kisumu. Kazi ya madaktari na wauguzi sina la kuilaumu. Kilichonikwaza ni bili. Miongoni mwa dawa za nusukaputi palikuwa na mstari mmoja, "sugamadeksi, vichupa 2", uliozidi malipo ya kitanda cha usiku mzima, na nilipouliza, keshia alinijibu, "Mfumo ndio unaoweka bei, mzee."

Aliyenieleza ni mtaalamu wa nusukaputi, ambaye alikuja wodini na fomu yake. Wakati wa upasuaji mama alipewa rokuroniamu, dawa inayolegeza misuli yote, ile ya kupumua ikiwemo, na sugamadeksi kazi yake ni kuikamata rokuroniamu hiyo katika damu na kuizingira hadi ikose nguvu. Kiasi kinachohitajika hutegemea uzito wa mgonjwa na jinsi misuli ilivyo bado imelegea upasuaji unapokwisha, jambo linalopimwa kwa kusisimua mshipa wa fahamu wa mkono mara nne kwa umeme mdogo na kuangalia kidole gumba. Kikicheza angalau mara mbili, miligramu 2 kwa kila kilo zinatosha. Kisipocheza kabisa, ulegevu ukiwa bado mzito, huhitajika 4. Mama ana kilo 86, na kidole chake hakikucheza, kwa kuwa katika upasuaji wa aina hii tumbo huachwa limelegea karibu hadi mwisho, na kushona matundu yenyewe huchukua muda mfupi. Alihitaji miligramu 344. Kichupa kidogo kina 200, na kikishafunguliwa hakiwekewi mgonjwa mwingine, kwa hiyo tulilipia 400. Kidole kingecheza mara mbili, kichupa kimoja kingetosha.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia neostigmini, dawa ya zamani ambayo hutengenezwa na viwanda vingi na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hii. Alisema hiyo haifui dafu mbele ya ulegevu mzito, tena lazima iandamane na atropini au dawa ya jamii yake ili mapigo ya moyo yasishuke. Ingebidi mama abaki kwenye mashine ya kupumulia hadi misuli ianze kurudi yenyewe, na dakika za chumba cha upasuaji nazo hulipiwa. Hoja hiyo niliikubali. Sugamadeksi iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015, na kwa miaka mingi iliuzwa chini ya hataza ya kampuni moja, ndiyo maana bei ilikaa juu muda mrefu hivyo.

Nisichokikubali ni ukimya wa ofisi ya malipo. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma ya Kenya, hulipia upasuaji kwa kiwango kilichopangwa, na kinachozidi hapo familia huchanga, kwa hiyo tulistahili kuambiwa mapema kwamba dawa hii huenda ikatumika na kwamba idadi ya vichupa hujulikana mwishoni tu. Bili pia haikuonyesha miligramu wala uzito wa mgonjwa. Niliyapata yote mawili kwa kuomba nakala ya fomu ya nusukaputi, ambayo walinipa bila ubishi. Anayepeleka mgonjwa huko aiombe kabla ya kulipa. Naipa hospitali nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizopungua ni za ofisi ya malipo peke yake.