Maabara inayouliza kabla ya kupima kolesteroli

Maabara ndogo ya binafsi tunayoitumia Kariakoo, Dar es Salaam, inastahili sifa kwa sababu kabla ya kuchukua damu mtaalamu humuuliza mgonjwa kwa makini kuhusu maradhi mengine aliyo nayo. Swali hilo lina uzito mkubwa, kwani tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ikifanya kazi kwa ulegevu, ini huchelewa kuondoa kolesteroli mbaya, yaani LDL, kwenye damu, na mtu anaweza kuandikiwa dawa za kushusha kolesteroli ilhali kinachohitaji tiba kwanza ni tezi. Kisukari kisichodhibitiwa hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, na ujauzito hupandisha kolesteroli na trigliseridi pia. Maambukizi makali, kinyume chake, huishusha kolesteroli kwa muda. Ndiyo maana mama yangu, aliyefika akiwa bado anatibiwa nimonia, alishauriwa kwa upole arudi baada ya wiki kadhaa, ingawa wangeweza kupokea fedha yake siku ileile.

Kasoro ninayoiona ni fomu ya majibu. LDL hukokotolewa kwa fomula isiyotegemeka trigliseridi zikizidi miligramu 400 kwa desilita, na tahadhari hiyo haikuandikwa popote.